Programu yako inakula umeme kiasi gani? Mwongozo wa kupima na kupunguza

Muulize mtengenezaji yeyote wa programu ombi moja kwenye seva yake huchukua milisekunde ngapi, atakujibu papo hapo. Muulize ombi hilohilo hutumia jouli ngapi za umeme, atakutazama tu. Suala la umeme wengi wetu tumewaachia wanaotengeneza kompyuta, kana kwamba prosesa hujiamsha yenyewe. Anayeiamsha ni msimbo, na msimbo una mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kupima programu yake kwa vifaa vya kawaida, kisha aipunguzie ulaji. Niseme mapema ninakosimama: katika programu za kila siku, umeme mwingi haupotelei kwenye hesabu nzito. Unapotelea kwenye kazi ambayo hakuna aliyeiomba. Hatua nyingi hapa chini ni njia za kuisaka kazi hiyo.

Wati na jouli, kabla ya yote

Wati ni kasi ya kula, jouli ni kiasi kilicholiwa. Wati moja ikidumu sekunde moja ni jouli moja. Kilowati-saa moja, ile ya kwenye bili, ni jouli 3,600,000. Ukivichanganya hivi viwili utafanya maamuzi ya ajabu.

Chukua kazi inayodumu sekunde 10 huku prosesa ikila wati 15. Jumla ni jouli 150. Mtu akaigawa kwenye nyuzi nne, yaani vipande vinne vinavyoendeshwa kwa pamoja, ikaisha kwa sekunde 4, lakini prosesa sasa imepanda hadi wati 45: jouli 180. Programu imepata kasi mara mbili na nusu na bado inakula zaidi. Hilo linatokana na fizikia ya chipu yenyewe. Ulaji wa prosesa huongezeka kwa kuzidisha mapigo yake na mraba wa volti, na mapigo yakipanda sana volti nayo hulazimika kupanda. Kwa hiyo mwendo wa juu kabisa wa prosesa ndio ulio ghali kuliko yote.

Kinyume chake nacho hutokea, na pengine mara nyingi zaidi: kumaliza kazi upesi kisha mashine ikalala fofofo ni nafuu kuliko kujikokota huku kila kitu kimewaka. Huwezi kujua programu yako iko upande upi mpaka uipime.

Hatua ya 1: Amua unapima kwa kila nini

Kusema "programu yetu inatumia wati 8" hakumsaidii mtu. Wati 8 ikifanya nini? Chagua kipande cha kazi ambacho mtumiaji angekitambua: picha moja iliyopunguzwa ukubwa, ankara moja iliyotengenezwa, saa moja ya kusikiliza muziki, utafutaji mmoja. Kila namba utakayoandika iwe jouli kwa kipande hicho.

Wenye viwango nao wameiona njia hiyo. Green Software Foundation, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2021, ilitunga kipimo kiitwacho SCI, na mwaka 2024 kikawa kiwango cha kimataifa ISO/IEC 21031. Kanuni yake ni fupi: umeme uliotumika, zidisha kwa kaboni ya kila kilowati-saa mahali hapo, ongeza sehemu ya kaboni iliyotumika kutengeneza mashine, kisha gawa kwa kipande cha kazi. Hata kama kaboni si hoja yako leo, huko kugawa kwa mwisho usikuruke. Bila hivyo, programu iliyopata watumiaji wengi itaonekana imeharibika.

Kisha andika hati (skripti, yaani orodha ya amri) itakayoigiza mtumiaji: fungua faili, shuka kurasa ishirini, tafuta neno, funga. Iendeshwe na kompyuta, si mkono wa mtu, kwa sababu mkono huchelewa leo na kuwahi kesho. Okular, kisoma hati cha mradi wa KDE, mwaka 2022 kilikuwa programu ya kwanza kupewa nembo ya mazingira ya Ujerumani iitwayo Blauer Engel, na kilipimwa kwa utaratibu huu: hati inayorudiwa ileile, mita kwenye umeme, na kipimo cha mashine ikiwa imekaa bure.

Hatua ya 2: Chagua kifaa cha kupimia

Hakuna kifaa kinachoona kila kitu. Cha msingi ni kujua chako hakioni nini.

Mita ya kuchomeka kwenye soketi huona mashine nzima, pamoja na umeme unaopotea kama joto kwenye adapta. Ni rahisi na haidanganyi sana, ila ni ya polepole: nyingi husoma mara moja kwa sekunde, na haziwezi kukuambia ni programu gani imekula. Ukiitumia, fanya jaribio lidumu dakika kadhaa. Kwenye kompyuta mpakato, chaji betri ijae kwanza, vinginevyo utakuwa unapima kuchaji.

Ndani ya prosesa za Intel tangu kizazi cha Sandy Bridge cha mwaka 2011 kuna kaunta za umeme ziitwazo RAPL. AMD nao wanazo kuanzia familia ya Zen. Kwenye Linux kaunta hiyo ni faili la kawaida unaloweza kulisoma. Inahesabu maikrojouli za prosesa, na kwenye baadhi ya mashine kumbukumbu pia. Skrini, diski na Wi-Fi haivioni kabisa. Tangu mwishoni mwa 2020 kuisoma kunahitaji ruhusa za msimamizi, baada ya watafiti kuonyesha katika shambulio walilolipa jina PLATYPUS kwamba mabadiliko madogo ya umeme yanaweza kufichua funguo za siri.

Kwenye Mac tumia `sudo powermetrics --samplers cpu_power -i 1000`. Maelezo yake yenyewe yanaonya kwamba namba hizo ni makadirio, zisitumike kulinganisha mashine tofauti. Kulinganisha matoleo mawili ya programu kwenye mashine moja ni sawa. Kwenye Windows, `powercfg /energy` hufuatilia mashine kwa sekunde 60 na kukuachia ripoti ya wanaoizuia isilale. Kadi ya michoro ya NVIDIA unaisoma kwa `nvidia-smi --query-gpu=power.draw --format=csv -l 1`.

Simu za Android, unazoziamuru kutoka kwenye kompyuta kwa zana iitwayo adb, zina mtego wake. Amri ya `adb shell dumpsys batterystats --reset` husafisha rekodi, unaendesha jaribio, kisha `adb shell dumpsys batterystats` inakupa orodha ya programu na milliampea-saa zilizokula. Namba hizo zimekokotolewa kutoka kwenye jedwali alilolijaza mtengenezaji wa simu, hazikupimwa. Zitumie kuona nani mlafi, usizitumie kudai umeokoa asilimia tatu. Halafu waya wa USB huchaji simu wakati unapima, kwa hiyo unganisha adb kwa Wi-Fi. Kuna wanaotumia `dumpsys battery unplug` wakidhani wamemaliza tatizo. Amri hiyo huidanganya programu tu, umeme unaendelea kuingia. Pixel 6 na zilizofuata zina vipimo halisi kwenye njia za umeme za ndani, na Android Studio huvionyesha. Ukiipata simu ya namna hiyo, fanyia majaribio yako humo.

Kwenye mashine pepe za kukodi kaunta za prosesa kwa kawaida zimefichwa. Hapo una njia mbili: pima programu hiyohiyo kwenye mashine unayoimiliki, au tumia vibadala, yaani sekunde za prosesa, baiti zilizosafiri na kiasi kilichoandikwa kwenye diski. Vibadala havikupi jouli, lakini vikishuka vyote vitatu, jouli nazo zimeshuka.

Hatua ya 3: Tuliza mashine

Zima masasisho ya kujiendesha, funga kivinjari, zima uchambuzi wa virusi wa ratiba, weka mwanga wa skrini mahali pamoja, na zima Wi-Fi kama jaribio halihitaji mtandao. Acha mashine ikae kama dakika tano ipoe. Chipu yenye joto huvujisha umeme zaidi kuliko iliyopoa, hivyo jaribio la kwanza la asubuhi na la kumi si ndugu.

Kisha pima mashine ikiwa haifanyi kitu, kwa muda uleule wa jaribio lako. Huu ndio msingi. Ni kama kumpima mtoto mchanga akiwa amebebwa na mama yake: mizani inasoma wote wawili, nawe unatoa uzito wa mama. Tofauti ni kwamba mama huyu uzito wake hubadilika, kwa hiyo mpime tena kabla ya kila kundi la majaribio.

Hatua ya 4: Pima

Kwenye Linux inatosha kitu kama hiki:

```
N=/sys/class/powercap/intel-rapl:0/energy_uj
kabla=$(sudo cat $N)
./punguza-picha picha/
baada=$(sudo cat $N)
echo $(( (baada - kabla) / 1000000 ))
```

Namba inayotoka ni jouli. Asiyependa hati anaweza kutumia perf, zana ya upimaji ya Linux: `sudo perf stat -a -e power/energy-pkg/ ./punguza-picha picha/` na akapata jibu lilelile pamoja na muda.

Tuseme umepunguza picha 400, kazi imechukua sekunde 60 na kaunta inasema jouli 1,260. Msingi wa sekunde 60 bila kazi ulikuwa jouli 300, yaani wati 5. Basi programu imekula jouli 960, ambazo ni jouli 2.4 kwa picha. Ukihesabu mashine nzima ni 3.15. Ipi uitangaze? Andika zote mbili. Ile ya kwanza inakuonyesha msimbo wako. Ya pili inakukumbusha kwamba programu inayojikokota inaishikilia mashine macho, na umeme wa kuwa macho nao ni deni lake. Kama mashine ingezimwa baada ya kazi, ya pili ndiyo ya kweli. Kama ingekuwa inawaka hata hivyo, ya kwanza.

Mambo mawili kuhusu kaunta hii. Moja, hujaa na kuanza sifuri. Kwenye kompyuta nyingi za Intel kikomo ni jouli 262,144. Kwa wati 60 hiyo ni dakika 73 tu. Ukipata namba hasi, ndicho kilichotokea. Kikomo cha mashine yako kimeandikwa kwenye faili `max_energy_range_uj` lililo kando ya lile la kwanza. Pili, kaunta hujisasisha kama mara moja kwa milisekunde, hivyo usijaribu kupima kitendo cha maikrosekunde kumi. Kizungushe mara milioni moja kisha ugawe.

Hatua ya 5: Rudia, na uchanganye mpangilio

Jaribio moja si kipimo. Mara thelathini kwa kila toleo ni kiwango kizuri cha kuanzia, na muhimu kuliko idadi ni mpangilio: usiendeshe toleo la zamani mara thelathini kisha jipya mara thelathini, kwa sababu toleo la pili litarithi joto la la kwanza. Badilishana, zamani, jipya, zamani, jipya, au changanya kwa bahati nasibu. Tupa mizunguko ya kwanza miwili mitatu, hasa kwa Java na lugha nyingine zinazotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine zikiwa kazini.

Panga matokeo kutoka dogo hadi kubwa uchukue la katikati, na uangalie yametawanyika kiasi gani. Kama matokeo ya toleo moja yanapishana kwa asilimia 6, huna haki ya kushangilia punguzo la asilimia 4.

Hatua ya 6: Tafuta kazi isiyoombwa

Hapa ndipo pa kukaa.

Anza na programu ikiwa imefunguliwa lakini haifanyi chochote. Mtumiaji ameondoka kunywa maji. Je, programu yako imetulia? Kwenye Linux fungua `sudo powertop` na uangalie safu ya idadi ya kuamshwa kwa sekunde. Programu iliyotulia inapaswa kukaribia sifuri. Ukiona yako inaamsha prosesa mara mia kwa sekunde bila mtu kugusa kitu, umepata mwizi wa kwanza.

Mwizi huyo kwa kawaida anafanana na huyu:

```
while True:
    if foleni.empty():
        time.sleep(0.01)
        continue
    shughulikia(foleni.get())
```

Mwandishi alikuwa na nia njema. Ameweka usingizi wa milisekunde kumi ili asiisumbue prosesa, na ukitazama orodha ya programu utaona inatumia asilimia 0 au 1. Lakini ni mara 100 kwa sekunde, mara 8,640,000 kwa siku, prosesa inatolewa kwenye usingizi kuja kuambiwa hakuna kazi. Prosesa za kisasa zina ngazi kadhaa za usingizi. Ngazi ya chini kabisa huzima karibu kila kitu, na kuingia na kutoka humo kuna gharama yake. Anayeamshwa kila milisekunde kumi hafiki chini. Dawa ni kufuta mistari:

```
while True:
    shughulikia(foleni.get())
```

Katika Python `get()` ya foleni husubiri yenyewe mpaka kitu kiingie, na wakati huo haigusi prosesa. Mifumo yote ina kitu cha namna hii: kusubiri tukio badala ya kuchungulia. Faili limebadilika? Kuna `inotify`. Ujumbe umefika? Acha soketi ya mtandao ikuamshe.

Ndugu wa mwizi huyu hukaa kwenye Windows. Saa ya mfumo huo kwa kawaida hupiga kila milisekunde 15.6, mara 64 kwa sekunde. Programu ikiita `timeBeginPeriod(1)` inadai mapigo kama 1,000 kwa sekunde, na kabla ya Windows 10 toleo la 2004 dai la programu moja liliathiri kompyuta nzima. Ripoti ya `powercfg /energy` humtaja kwa jina anayedai hivyo. Wengi huiweka amri hiyo kwa ajili ya muziki au mchezo kisha husahau kuiondoa sauti ikizimwa.

Kwenye kurasa za wavuti mwizi ni `setInterval` inayochora upya kitu kilicho kwenye kichupo kisichoonekana. Sikiliza tukio la `visibilitychange` na usimamishe. Uhuishaji uufanye kwa `requestAnimationFrame`, ambayo kivinjari huinyamazisha chenyewe mtumiaji akihamia kichupo kingine.

Baada ya utulivu, geukia kazi yenyewe. Rudi kwenye zile picha 400. Ukiichungulia programu hiyo kwa `perf record` unaweza kukuta sehemu kubwa ya muda imeishia kwenye kufungua JPEG, si kwenye kupunguza. Kila picha inatolewa kwa ukubwa tatu, na kwa kila ukubwa faili linafunguliwa upya toka mwanzo. Lifungue mara moja, tengeneza zote tatu. Tena libjpeg, maktaba ya kufungulia JPEG, inaweza kufungua picha moja kwa moja ikiwa nusu, robo au thumuni ya ukubwa wake, bila kwanza kukokotoa pikseli zote ambazo baadaye utazitupa. Chaguo hilo limo siku zote, na ni wachache wanaoliwasha.

Ukipima tena na kupata, kwa mfano, sekunde 45 na jouli 990, toa msingi wa jouli 225: zimebaki 765, au jouli 1.9 kwa picha badala ya 2.4. Andika kwenye daftari la mradi namba, tarehe, mashine na toleo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua shukrani ziende wapi.

Hatua ya 7: Mahali pengine pa kubana

Redio ya simu. Ukituma baiti chache kwa mtandao wa simu, redio haizimi pale pale. Hubaki imewaka kwa sekunde kadhaa ikisubiri kama kuna zaidi. Kwa hiyo ujumbe kumi uliotawanyika ndani ya dakika kumi ni ghali kuliko kumi uliotumwa kwa mkupuo. Vitakwimu vya matumizi, taarifa za hitilafu na usawazishaji vifunge pamoja, uvitume simu ikiwa kwenye chaji au Wi-Fi. Kwenye Android mkabidhi WorkManager, maktaba ya kupanga kazi, masharti hayo na umwachie achague wakati. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 kuna hali ya Doze inayokusanya kazi za nyuma ya pazia kwenye madirisha machache, na programu inayopigana nayo kwa kushikilia simu isilale ndiyo ile mtumiaji ataikuta juu ya orodha ya walaji wa betri. GPS nayo: omba usahihi unaouhitaji tu. Programu ya hali ya hewa haihitaji kujua umesimama upande gani wa barabara.

Skrini. Mandhari meusi huokoa kwenye skrini za OLED, ambako kila pikseli hujiwashia mwanga wake. Kwenye LCD taa ya nyuma huwaka vilevile na faida ni kama hakuna. Hata kwenye OLED watu wametia chumvi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 2021 walikuta kwamba kwa mwanga wa asilimia 30 hadi 50, ambao ndio wengi hutumia ndani ya nyumba, punguzo ni asilimia 3 hadi 9. Kwa mwanga wa asilimia 100 ndipo lilipofika 39 hadi 47. Weka chaguo hilo, lakini usilihesabu kama kazi yako kubwa ya mwaka.

Seva. Mwaka 2007 Luiz André Barroso na Urs Hölzle wa Google waliandika kwamba hata seva iliyobana matumizi vizuri ilikula kama nusu ya umeme wake wa juu ikiwa haifanyi karibu chochote, na kwamba seva nyingi hutumia muda wao mwingi kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo. Vifaa vimeboreka tangu hapo, ila funzo lake limebaki: seva mbili zenye kazi ya asilimia 15 kila moja ni ghali kuliko moja yenye asilimia 30. Kwa hiyo kabla ya kuchonga msimbo, hesabu mashine. Mazingira ya majaribio yanayowaka usiku na wikendi, hifadhidata ya mradi uliokufa, nakala tatu za huduma inayopata maombi machache kwa saa: zima. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria vituo vya data vilikula takriban terawati-saa 415 mwaka 2024, kama asilimia 1.5 ya umeme wa dunia, na katika umeme huo zimo mashine ambazo hata mwenyewe amezisahau.

Ndani ya seva, kagua hifadhidata. Ukurasa unaoorodhesha bidhaa 50 na kuuliza hifadhidata mara 51, mara moja kwa orodha na mara moja kwa kila bidhaa, unapatikana kila mahali. Ulizo moja lililoungwa vizuri, faharisi kwenye safu inayotafutwa, na jibu linalohifadhiwa kwa dakika chache vitafanya zaidi ya wiki nzima ya kunyoa mizunguko.

Lugha. Hapa mabishano hayaishi. Watafiti wa Ureno mwaka 2017 walilinganisha lugha 27 kwa seti moja ya majaribio madogo ya hesabu: C ikiwekwa kuwa 1, Rust ilipata 1.03, Java 1.98 na Python karibu 76. Namba hiyo ya Python imezungushwa mitandaoni hadi imechakaa, na wengi wanaoitaja hawasemi kwamba majaribio yalikuwa hesabu tupu. Programu ya Python inayotumia NumPy, maktaba yake ya hesabu, inafanya kazi yake nzito ndani ya C, na huduma inayotumia muda wake mwingi kusubiri hifadhidata haitabadilika sana ukiiandika upya. Kama perf inaonyesha kitanzi kimoja kinakula asilimia 80, kihamishe hicho peke yake.

Wakati. Kazi isiyo na haraka, kama nakala rudufu au ripoti ya mwezi, inaweza kusogezwa kwenye saa ambazo gridi ina jua au upepo mwingi. Jouli hazipungui, kaboni ndiyo inapungua. Usizichanganye kwenye ripoti moja.

Hatua ya 8: Weka mlinzi

Faida ya umeme huliwa na toleo linalofuata kama hakuna anayeangalia. Tenga mashine moja halisi, hata ikiwa kuukuu, isiyofanya kazi nyingine yoyote. Kila usiku iendeshe ile hati ya Hatua ya 1 kwa toleo la siku hiyo na lile la mwezi uliopita, kwa kubadilishana, na iandike jouli kwa kipande cha kazi. Mashine za kujengea msimbo zinazogawanywa na miradi mingi hazifai, jirani yako humo ndiye utakayempima.

Kizingiti cha kupiga kengele kiwe juu ya mtawanyiko uliouona Hatua ya 5. Kikiwa chini yake kengele italia kila usiku na baada ya wiki mbili hakuna atakayeisikia. Ongeza jaribio la pili lisilo na kazi yoyote: fungua programu, iache dakika kumi, hesabu mara ilizoiamsha prosesa. Hilo ni rahisi kuliko la jouli, halihitaji mita, linafanya kazi hata kwenye mashine pepe, na kwa kawaida ndilo hugundua madhara mapema.

Namba ikipanda siku ambayo hakuna aliyegusa msimbo, kagua kwanza maktaba zilizosasishwa na toleo la kiini cha mfumo, kisha angalia kama feni ya mashine ya majaribio bado inazunguka.